Mtaji Wetu Uko kwa Watu

Hotuba kwa wafanyabiashara wadogo na wajasiriamali, Mnazi Mmoja, Dar es Salaam

Mheshimiwa mgeni rasmi, viongozi wa masoko, viongozi wa dini, mama zangu wa genge na wa jiko, kaka zangu wa Kariakoo, wadogo zangu wa bodaboda na mnaouza kupitia simu, itifaki imezingatiwa. Assalaam aleikum. Bwana Yesu asifiwe. Wakubwa zangu, shikamooni.

Nimeombwa nizungumzie mtaji. Tangu asubuhi kila aliyeshika kipaza sauti ameuliza mtaji utatoka wapi: benki gani inakopesha bila hati ya nyumba, halmashauri ina fungu gani, nani anamjua mfadhili. Ni maswali ya haki na nitayagusa. Lakini mimi kazi yangu ni kutunza hesabu za biashara ndogo, na kazi hiyo imenionyesha jambo ambalo naomba tulitazame pamoja kabla hatujabisha hodi kwa mkopeshaji yeyote. Nikikaa na mwenye duka, benki ana shilingi ngapi namuuliza baadaye. Kwanza namuuliza: nani ana hela yako? Ananyamaza kidogo, halafu anaanza kuhesabu kwa vidole. Mwalimu wa shule ya jirani, mchele kilo 10. Fundi, saruji mifuko 2 na misumari. Shemeji. Mama wa chumba cha pili. Mteja wa Mbeya aliyechukua madera kwa ahadi ya kutuma hela wiki ijayo, na wiki ijayo hiyo imepita tangu Ramadhani. Vidole vinaisha, watu hawajaisha.

Kwa hiyo leo nitasema jambo moja, na nitalirudia mpaka mnichoke. Kwa wengi wetu tulio humu ndani, sehemu kubwa ya mtaji tunaoutafuta tunao tayari. Uko kwa watu. Tumeutoa wenyewe kwa mikono yetu, kwa imani, bila kuuandika, halafu tunakwenda kukopa wa mtu mwingine kwa riba ili kujaza pengo lake.

Naomba nianze na Kariakoo, maana kutoka hapa tulipo ni kuvuka barabara tu. Anayeingiza makontena anampa mwenye duka la jumla mzigo. Mwenye duka la jumla anampa mwenye fremu. Mwenye fremu anampa winga, ambaye hana duka wala stoo, ana simu, mdomo na miguu. Winga anamtafuta mnunuzi, na mnunuzi huyo huenda yuko Tunduma, au Lubumbashi, Ndola, Blantyre, Moroni, kwa sababu soko letu lile linalisha nchi kadhaa. Mzigo unapitia mikono mingi hivyo, na mara nyingi kati ya mkono na mkono hakuna karatasi. Kuna mali kauli: chukua, uza, niletee hela yangu.

Sitaki mtu atoke hapa akisema nimekuja kuiponda mali kauli. Naiheshimu sana. Vijana wengi waliingia jiji hili na begi moja, wakalala sebuleni kwa ndugu Tandale au Manzese, na hawakuwa na hati ya kumwonyesha meneja wa benki yoyote. Walichokuwa nacho ni mtu mmoja aliyesema, "Huyu namjua, mpe." Wengine kati yao leo wana maghala. Hakuna taasisi ya fedha katika nchi hii iliyowafikia wanyonge wengi kama lile neno la mtu mmoja kumdhamini mwenzake dukani. Mama anayekopesha unga mtaani kwake naye anafanya kazi hiyo hiyo: analisha familia ambayo mshahara haujatoka. Mkimwambia aache kukopesha, atawaambia wateja watahamia duka la pili, na atakuwa amesema kweli. Kukopesha ni sehemu ya kuuza. Asiyekopesha kabisa katika mitaa yetu hauzi vya kutosha.

Ninachokililia ni kuandika.

Sheria yetu ya Mikataba, Sura ya 345, inayakubali makubaliano ya mdomo. Watu wakikubaliana kwa hiari, wenye akili timamu, juu ya jambo halali na lenye malipo, wana mkataba hata kama hakuna kalamu iliyogusa karatasi. Kwa hiyo mali kauli ina nguvu kisheria. Shida inakuja siku mnapotofautiana. Wewe unakumbuka pea 40, yeye anakumbuka 30. Wewe unakumbuka mlisema mwisho wa mwezi, yeye anakumbuka mlisema mzigo ukiisha. Nimeshuhudia marafiki wa miaka mingi wakiacha kusalimiana kwa ajili ya pea 10 za viatu, na nikiwatazama wote wawili naona kila mmoja anaamini anachosema. Kumbukumbu ya mtu inamuelemea mwenyewe. Hakuna aliyedanganya, ila urafiki umekwisha na hela imepotea.

Waislamu wenzetu humu wanajua kwamba aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani, ya 282 ya Suratul Baqara, inahusu jambo hili hili: mnapokopeshana kwa muda maalumu, andikeni, wekeni mashahidi, wala msichoke kuliandika deni, liwe dogo au kubwa. Nazungumza na wa dini zote, na nadhani sote tunaweza kujifunza kitu hapo. Aya haijawakataza watu kukopeshana. Imewataka waandike, na wanaotakiwa kuandika ni hao hao wanaoaminiana.

Sasa twende kwenye hesabu, kwa sababu hapo ndipo maumivu yanapoonekana. Tuchukue mfano wa mama lishe. Namchagua yeye kwa kuwa ndiye anayeumia mapema kuliko wote. Anapika kwenye jengo linalojengwa, tuseme Kinyerezi. Mafundi na vibarua 20 wanakula kwake mchana, sahani shilingi 2,500, siku 6 za wiki. Wao wanalipwa Jumamosi, kwa hiyo na yeye wanamlipa Jumamosi. Wiki moja ni sahani 120, shilingi 300,000. Katika kila sahani, ukitoa mchele, maharage, mafuta, gesi na nauli ya sokoni, tuseme anabakiwa na 500. Faida ya wiki ni 60,000. Hadi hapo anatembea vizuri.

Inafika Jumamosi moja mkandarasi hajawalipa watu. Vibarua wanamwambia, mama, tuvumilie mpaka wiki ijayo. Ni watu wema, wanamheshimu, hawana nia ya kumdhulumu. Lakini Jumatatu alfajiri masufuria yanatakiwa kuwa jikoni, na ile 300,000 iko kwa watu. Mama anakwenda kwa wale wa mkopo wa haraka. Wanampa 300,000, rejesho 12,000 kila siku kwa siku 30. Jumla atarudisha 360,000. Nyongeza ni 60,000. Gawanyeni kwa 500 mtapata sahani 120. Wiki nzima mama huyu ameamka saa 10 usiku, amepika, amebeba, ameosha vyombo, na faida yote imekwenda kwa mkopeshaji, kwa sababu ya hela ambayo ni yake mwenyewe na iko kwa watu anaowaona kila siku mchana.

Hiyo ndiyo kausha damu. Tunawalaumu wakopeshaji, na wapo wanaostahili lawama. Mnakumbuka Novemba 2024 Benki Kuu ilivyotangaza orodha ya programu za simu 69 zilizokuwa zikikopesha watu bila leseni. Wengi wenu mlipata zile meseji za kudhalilishana, zinatumwa mpaka kwa baba mkwe. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 inamtaka kila anayefanya biashara ya kukopesha awe na leseni, na una haki ya kumwambia akuonyeshe kabla hujaweka sahihi wala kidole. Muulizeni. Asiyetaka kuonyesha leseni ameshawajibu. Ila nawaomba mjiulize na ninyi: kilichokupeleka kwake siku ile ni kukosa mtaji, au mtaji wako ulikuwa umelala kwa watu?

Turudi kwa mama wa Kinyerezi, kwa kuwa yapo aliyoweza kufanya. Kwanza, kabla hajawasha jiko pale, angezungumza na msimamizi wa mafundi wakubaliane kwamba orodha ya walaji inapita kwake, na chakula kinakatwa kwenye malipo. Yapo majengo hapa mjini wanafanya hivyo. La pili ndilo ninalolipenda zaidi. Sahani inamgharimu 2,000. Aseme: kila anayekula aweke 2,000 mezani leo, ile 500 nitaipokea Jumamosi. Hapo mkandarasi akichelewa, kilichochelewa ni faida. Mtaji wake umerudi siku hiyo hiyo na Jumatatu anaingia sokoni bila kumpigia mtu magoti. Kama ni lazima kukopesha, tukopeshe faida, mtaji urudi.

Najua mwenye duka la vyakula ananitazama na kusema hilo kwake haliwezekani. Ni kweli. Kwenye kilo ya sukari faida ni ndogo mno, ukikopesha faida peke yake utakuwa umekopesha sarafu. Kwenye duka la namna hiyo ulinzi wako ni kiwango na siku.

Kiwango maana yake kila mteja wa mkopo ana kikomo chake, na kikomo hicho umekiandika kabla hajaja kuomba. Usikipange akiwa amesimama mbele yako na mtoto mgongoni, utashindwa, kama ambavyo ningeshindwa mimi. Kipange usiku, duka likiwa limefungwa, ukiwa peke yako na daftari. Huyu mwisho 20,000. Huyu mwisho 50,000, kwa sababu nimemfuatilia na analipa. Huyu, kwa heshima zote, ni taslimu. Akifika kikomo, hajanyimwa; anapunguza kidogo, anaendelea. Maneno yanakuwa mepesi hata kwako: "Dada, umefika kwenye kiwango chetu, punguza hata elfu tano nikufungie." Unamwonyesha ukurasa. Ukurasa unakusemea.

Siku ya kulipa nayo tunaikosea sana. Tunaweka siku inayotufaa sisi. Wekeni siku ambayo mteja ana hela. Mwalimu na askari ni mshahara, mwisho wa mwezi. Kibarua ni Jumamosi. Dereva wa bodaboda ana hela kila jioni, na kesho asubuhi tajiri wake anaisubiri hesabu. Ukimdai mwisho wa mwezi umemtesa bure, mdai 2,000 kila jioni. Muuza samaki wa Feri ana hela saa 4 asubuhi, mnada ukishaisha. Anayecheza mchezo wa kuchangiana hela kwa zamu, muulize zamu yake lini, na muulize kijumbe wake, yule anayekusanya, ni nani. Haya mnayajua kuliko mtu yeyote, yako vichwani mwenu. Yatoeni kichwani muyaweke kwenye karatasi.

Na kuandika kwenyewe kuwe mbele ya mteja, naye aone. Jina, namba ya simu, alichochukua, kiasi, tarehe ya leo, tarehe ya kulipa, sahihi. Kwa mteja wa mbali, yule wa mzigo unaopandishwa basi pale Mbezi, andika meseji papo hapo kabla gari halijaondoka: "Kaka, nimekutumia madera 24 kwa shilingi kadhaa, umelipa kadhaa, baki kadhaa, utamalizia tarehe fulani." Asubuhi akijibu "sawa," mmekwisha kukubaliana. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 inaruhusu ujumbe wa namna hiyo kupokelewa mahakamani kama ushahidi. Msifute mazungumzo ya biashara kwenye simu zenu ili kupata nafasi ya video.

Simu hiyo hiyo ina kazi nyingine. Usiku wa Jumamosi tarehe 10 Julai 2021 soko kuu la Kariakoo liliungua, lile jengo alilolichora msanifu Beda Amuli, ambalo lilikuwa limesimama tangu miaka ya 1970. Kila ninapopita pale nawaza maneno haya: mzigo ukiungua pamoja na daftari la madeni, umepoteza mara mbili, kwa sababu hata hela iliyokuwa salama kwa watu hujui tena ni ya nani na ni kiasi gani. Kila ukifunga duka, piga picha ukurasa wa siku hiyo, mtumie mtoto wako, mtumie mwenzi wako. Haigharimu hata bando la maana.

Sasa kudai. Hapa nasema na roho yangu, kwa sababu naona tumeanza kuharibika. Kumbandika mtu picha kwenye kundi la WhatsApp la mtaa, "huyu ni tapeli, ana deni la 35,000," kunaumiza watoto wake kuliko yeye. Tena tangu Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ianze kutumika, wewe unayedai unaweza kujikuta ndiye unayeulizwa. Dai mapema na dai kwa upole. Siku mbili kabla ya tarehe mkumbushe: "Mama Asha, habari za nyumbani, Ijumaa ndiyo siku yetu." Ikipita, mfuate mkae. Mwulize kuna nini. Wengi wanakukwepa kwa aibu, na mtu anayekukwepa kwa aibu anapitia njia nyingine kwenda kununua taslimu kwa mwenzako. Umepoteza deni na umepoteza mteja. Mpe mpango wa kulipa kidogo kidogo, uuandike, asaini. Ikishindikana, nenda kwa mjumbe, nenda serikali ya mtaa, na kwa deni la maana Mahakama ya Mwanzo ipo na inasikiliza madai ya wafanyabiashara wadogo kwa Kiswahili. Hakimu atakuuliza una nini mkononi. Utatoa daftari.

Kuna mdaiwa mmoja ambaye hatumwandiki kabisa, naye ni mwenye duka. Mchele wa nyumbani umetoka kwenye gunia la biashara. Wageni wamekuja, soda zimetoka kwenye friji ya biashara. Ada ya mtoto imetoka kwenye droo. Hii ndiyo tunayoiita kula mtaji, na haina mwizi wala tapeli, ni sisi na familia zetu tunaozipenda. Sisemi familia isile. Nasema fungua ukurasa wenye jina lako mwenyewe na uandike kila kilichotoka. Mwisho wa mwezi utajua nyumba yako inahitaji kiasi gani, na utajilipa kiasi hicho kama posho, kwa siku inayojulikana. Kina baba, ukurasa huo na ninyi mnaandikwa, hata kama fremu ni yenu na mkeo ndiye anayeuza.

Niseme kidogo kuhusu wateja wakubwa, maana wapo humu wanaouza kwenye shule, hoteli na ofisi. Unafurahi umepata oda, unapeleka mzigo, halafu unasubiri miezi 3. Kabla ya kupeleka, pata oda iliyoandikwa yenye tarehe ya malipo. Ukipeleka, aliyepokea asaini karatasi ya kupokelea mzigo. Ankara yako iende siku hiyo hiyo, usisubiri mwisho wa mwezi, kwa sababu siku za kulipwa zinaanza kuhesabiwa ankara ikifika. Kwa upande wa serikali, zabuni sasa zinapita kwenye mfumo wa manunuzi wa mtandaoni, NeST, ulioanza mwaka 2023, na sheria imetenga asilimia 30 ya manunuzi kwa vikundi vya wanawake, vijana, wazee na watu wenye ulemavu. Ni mlango mkubwa, uingieni. Ila usiingie na mtaji wote. Kama malipo yakichelewa miezi 2 jiko lako litazimika, oda hiyo bado ni kubwa kwako. Ichukueni wawili au watatu kwa pamoja.

Niliahidi kugusa maswali yenu, na sasa mtaona kwa nini nimeyaacha mpaka huku. Mmeuliza kodi. Mwaka 2019 Sheria ya Fedha iliweka viwango vya kodi ya makadirio kwa wafanyabiashara wadogo, na wengi hawakusoma safu mbili zilizomo ndani yake: safu ya mwenye kumbukumbu na safu ya asiye nazo. Genge linalouza kama 25,000 kwa siku, kwa mwaka ni karibu milioni 9. Katika viwango vile, asiye na kumbukumbu wa mauzo hayo alipangiwa 250,000. Mwenye kumbukumbu alipangiwa 90,000 na asilimia 3 ya kile kilichozidi milioni 7, kwa hiyo 150,000. Tofauti ni 100,000, kwa genge lile lile, mtaa ule ule, mauzo yale yale. Wa mauzo ya milioni 5 tofauti yake ilikuwa 30,000 dhidi ya 100,000. Daftari linalokuonyesha nani ana hela yako ndilo hilo hilo linalokupunguzia kodi. Na ukikua zaidi, kumbukumbu zinakuwa lazima.

Wafanyabiashara wa Kariakoo walipofunga maduka Mei 2023, Waziri Mkuu wa wakati ule, Kassim Majaliwa, alikuja kuwasikiliza hapa hapa Mnazi Mmoja. Kodi na ukaguzi ndivyo vilivyokuwa kilio kikubwa, na nadhani kilio kile kilikuwa na haki ndani yake. Tuendelee kuyasema, tena kwa sauti. Lakini mkadiriaji akija dukani kwako akasema mauzo yako ni milioni 40, maneno matupu hayatamshusha. Kinachobishana na karatasi ni karatasi.

Mmeuliza mikopo ya halmashauri. Ipo. Sheria inazitaka halmashauri zote, na hapa kwetu ni Jiji, Kinondoni, Temeke, Ubungo na Kigamboni, zitenge asilimia 10 ya mapato yao ya ndani: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Haina riba. Ilisimamishwa mwaka 2023 baada ya ukaguzi kuonyesha fedha nyingi zilikuwa hazirudi, ikarejeshwa 2024 kwa utaratibu mpya. Sikilizeni sababu hiyo: hazikurudi. Vikundi vilipewa, hela ikaingia mitaani, na hazikurudi, na nadhani ugonjwa ule ule tunaouzungumza tangu nimesimama hapa ulichangia. Kikundi chenye daftari la madeni lililo safi kina jambo la kumwonyesha afisa maendeleo ya jamii wa kata. Kikundi kisicho nalo kinaomba hela ya kwenda kuipoteza mahali pale pale, na safari hii wenzao wanaosubiri foleni ndio watakaoikosa. Hili linaniuma, kwa sababu hela ile ni ushuru wa mama wa sokoni, ni hela yetu.

Benki nazo zinatazama mzunguko. Unayepokea malipo kwa lipa namba ya biashara, na unayepeleka mauzo yako kwenye akaunti hata kama ni 20,000 kwa siku, unajijengea historia ya kumwonyesha mkopeshaji. Unayepokea kwenye laini yako binafsi, ikichanganyika na michango ya harusi na hela ya mjomba, hata wewe huwezi kusoma biashara yako humo.

Wanaosindika vyakula, sabuni na viungo wamenikabidhi karatasi wakiuliza nembo ya TBS, Shirika la Viwango. Jibu ni fupi: anzeni SIDO, shirika la viwanda vidogo ambalo tangu mwaka 1973 kazi yake ni watu kama ninyi. Wanatoa mafunzo na barua ya utambulisho ya kwenda nayo TBS pale Ubungo. Msimpe mtu hela mtaani awaletee nembo.

Mheshimiwa mgeni rasmi, nina ombi moja kwako, na nalisema mbele ya hawa wote. Mafunzo ya ujasiriamali yanayotolewa kwenye kata zetu yamejaa kutengeneza sabuni na batiki. Ni mazuri. Lakini mtu akishajua kutengeneza sabuni atauza, na akiuza atakopesha, na hapo hakuna aliyemfundisha kitu. Naomba somo la madeni liingie: kuandika, kuweka kiwango, kudai, kufikisha shauri Mahakama ya Mwanzo. Walimu wapo hapa mjini, wanafunzi wa biashara wa vyuo vyetu wanatafuta mahali pa kufanyia mazoezi kwa vitendo. Wapelekeni Tandika, Mbagala, Buguruni, Manzese. Wakae na mama mmoja mmoja wafungue ukurasa wa kwanza.

Kwa leo tutaanza wenyewe. Baada ya chakula cha mchana nitakaa meza ile ya karibu na mlango pamoja na wenzangu wanaotunza hesabu. Mliokuja na madaftari, njooni nayo. Ambao hamkuja nayo, kauntabuku zipo, na hata nyuma ya bahasha inatosha kwa kuanzia. Kila mmoja aandike majina matano ya watu wenye hela yake, kiasi, na siku ambayo kila mmoja wao huwa na hela. Tukimaliza orodha hiyo tutaandika pamoja meseji ya kuwakumbusha, yenye adabu, na mtaituma mkiwa hapa hapa. Vikundi vinavyotaka kuzungumza na maofisa maendeleo ya jamii mkae safu za kulia ili msipishane na foleni ya chakula.

Asanteni sana.